Macho yanapepesa ovyo au yanajifunga yenyewe? Piga video kwanza, ndo uende kwa daktari

Mama mdogo wangu anauza dagaa sokoni Buguruni, Dar es Salaam, na karibu miaka miwili wateja walikuwa wanadhani anawakonyeza. Kumbe macho yanapepesa yenyewe, alafu baadae yakaanza kujifunga kabisa, yani anahesabu chenji macho yanafumba hayafunguki mpaka ainue kope kwa kidole. Wengine wakasema usingizi, wengine karogwa, na hilo liliniuma sana.

Ugonjwa wenyewe unaitwa blefarospazimu. Jicho halina kosa, ni ubongo unauamrisha ule msuli unaozunguka jicho ujikaze bila sababu. Unawapata zaidi watu wa miaka 40 kwenda juu, na wanawake ndo wengi.

Usichanganye na jicho kucheza. Lile la kawaida, ambalo bibi anasema kuna mgeni anakuja, linacheza kope moja tu na jicho halifungi, linaletwa na kukosa usingizi, mawazo, kahawa nyingi, lala vizuri litaisha lenyewe baada ya siku au wiki kadhaa. Blefarospazimu inashika macho yote mawili, inaanza na kupepesa kwingi na macho kukereketa kama yana mchanga, jua linachoma, upepo shida, ukilala inatulia. Kama ni upande mmoja na jicho linavuta pamoja na shavu na kona ya mdomo, hata usingizini, hiyo ni kitu kingine, mara nyingi ni mshipa wa damu unagandamiza neva ya uso. Mtoto akipepesa sana usimkaripie jamani, inaweza kuwa aleji au haoni vizuri, kampime.

Sasa video. Mama mdogo alienda hospitali moja mara tatu, na kila akikaa mbele ya daktari macho yanafunguka vizuri tu, anarudi na dawa ya matone. Iko hivyo kwa wagonjwa wengi, ukiwa unaongea na umemakinika msuli unatulia kwa muda. Kwahiyo chukua simu, mrekodi dakika moja au mbili akiwa amekaa kimya, nyingine akiwa anatembea nje juani, nyingine akisoma, uso wote uonekane mpaka shingoni sababu wengine mdomo na taya navyo vinahusika. Usimwambie ajikaze. Hesabu anapepesa mara ngapi kwa dakika, mtu wa kawaida ni kama 15 hadi 20. Andika ilianza lini na dawa zote anazotumia, hasa za kuzuia kutapika na za magonjwa ya akili, maana baadhi zinaweza kuleta hali hii.

Muulize pia nini kinamsaidia. Mama mdogo akigusa kipaji cha uso kwa kidole, au akianza kuimba kasida taratibu, macho yanafunguka, na sisi tulikuwa tunaona ni vituko. Daktari aliposikia hilo ndo akashtuka, kwake ni dalili kabisa.

Anza na daktari wa macho, kwa Dar ni hospitali ya CCBRT Msasani au Muhimbili, aangalie kwanza kama ni ukavu au kope zimevimba, akiona siyo hivyo omba rufaa ya daktari wa neva. Tiba kubwa ni sindano za Botox, dawa ya kulegeza msuli, kidogo kidogo kuzunguka macho, na Marekani waliiruhusu kwa ugonjwa huu tangu 1989, mambo ya makunyanzi yalikuja baadae. Inaanza kufanya kazi baada ya siku chache, inakaa kama miezi 3, alafu unarudia. Kope linaweza kushuka kidogo au jicho likakauka, ila inaisha. Usiende kuchomwa saluni, na uliza bima yako mapema.

Wakati unasubiri, vaa miwani ya jua na kofia pana, tumia machozi ya bandia, na mgonjwa asiendeshe chombo chochote, hata bodaboda. Matone yenye steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) ya kununua tu duka la dawa usithubutu, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Maziwa ya mama na majani pia hapana. Na kama jicho ni jekundu linauma, kuona kumepungua ghafla au uso umelegea upande mmoja, achana na video, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mama mdogo alichomwa Jumatatu, Ijumaa asubuhi akanipigia kwamba kavuka barabara ya Uhuru peke yake bila kushikwa mkono. Wiki ya 11 akaanza kupepesa tena, kwahiyo sa hivi tarehe ya sindano tunaiandika kwenye kalenda siku ileile anayochomwa.