Jinsi ya kupima hewa ukaa ya gesi unayopikia nyumbani, kwa mzani tu

Wadau habari zenu. Mimi nazunguka majumbani hapa Dodoma, sana sana Chang'ombe, Nkuhungu na Ipagala, napima matumizi ya gesi ya kupikia, na karibu kila nyumba nikifika naulizwa mashine ya kupimia hewa ukaa iko wapi. Mashine haihitajiki. Ukishajua kilo ngapi za gesi zimeungua, hewa ukaa unaipata kwa hesabu, kwa hiyo andaa mzani, daftari na kalamu.

Hatua ya 1, mzani. Ule wa dijitali wa kuning'iniza unatosha, ila kama una mtungi wa kilo 15 chukua unaofika kilo 50, maana hizo 15 ni gesi peke yake, chuma nacho kina uzito wake. Ujaribu kwanza: pima ndoo tupu, mimina lita 10 za maji, pima tena. Kama haujaongezeka kilo 10 huo mzani rudisha.

Hatua ya 2, funga koki, toa regyuleta (kwenye mtungi mdogo toa kichwa cha jiko), futa mtungi kwa kitambaa kikavu alafu upime. Andika uzito na tarehe. Sasa angalia juu kwenye ule mshikio wa chuma, kuna namba imegongwa, mara nyingi ina herufi TW, huo ndio uzito wa mtungi ukiwa mtupu. Watu wengi hawajawahi hata kuiangalia jamani, na ndiyo namba inayokulinda. Kuna mama mmoja Chang'ombe nilimkuta ametoka kununua mtungi wa kilo 6 asubuhi hiyo hiyo, TW ilikuwa 7.6, mzani ukasoma 13.1, tukapima mara tatu, ikabaki 13.1. Toa hapo, gesi ni kilo 5.5, nusu kilo haipo. Kama tungehesabu kwa kusema "mtungi mmoja ni kilo 6" tungekosea toka mwanzo, ndo maana mimi sihesabu kwa mitungi wala kwa hela, na mtu akiniambia mtungi wake unakaa mwezi naandika ila bado napima.

Hatua ya 3, pika kama kawaida yako kwa siku 14. Usijibane kisa unapimwa. Siku ya 14 pima tena vile vile, regyuleta ikiwa imetolewa. Kwa yule mama mzani ulisoma 9.9, kwa hiyo gesi iliyotumika ni 13.1 kutoa 9.9, kilo 3.2.

Hatua ya 4, zidisha kwa 2.98. Namba hii inatokana na mwongozo wa IPCC wa mwaka 2006, wale wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi. 3.2 mara 2.98 ni kilo 9.5 za hewa ukaa kwa wiki mbili. Hapa ndo watu hubisha, kilo moja ya gesi itatoaje kilo tatu? Ni hivi, gesi ya mtungi ni propani na butani, na katika kila kilo kama gramu 820 ni kaboni. Ikiungua kila gramu 12 za kaboni zinashika gramu 32 za oksijeni kutoka kwenye hewa ya jikoni kwako, inakuwa gramu 44. Huo uzito wa ziada umetoka hewani, mtungini haukuwemo.

Kupata ya mwaka gawanya kwa 14 zidisha kwa 365, yule mama inakuja kama kilo 249, nyumba ya watu watano, kila mtu karibu 50. Ila usitegemee wiki mbili tu. Pima na mwezi wa saba, baridi na upepo wa Dodoma mnaujua, maji ya kuoga yanachemshwa asubuhi na jioni.

Kabla hujaamini namba yako paka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye maungio, koki ikiwa wazi na jiko limezimwa. Likitoa mapovu kuna gesi inavuja, mzani unapungua wakati hakuna kilichoungua, funga koki na usiwashe mpaka mpira ubadilishwe.

Na mkaa msiufiche. Nyumba nyingi chai ni gesi, maharage na makande ni mkaa. Upime nao kwenye mzani ule ule, kilo moja ikiungua inatoa kama kilo 3.3, lakini iandike mstari wake peke yake kwa sababu hewa ukaa ya miti inahesabiwa kando, na usilinganishe kilo kwa kilo, kilo ya gesi ina joto zaidi na jiko la mkaa linapoteza joto jingi sana. Ukitaka kulinganisha kwa haki pika sufuria ile ile ya maharage, kiasi kile kile, leo kwa gesi kesho kwa mkaa, upime kilichoungua kila siku. Yule mama nimemwachia mzani, maharage anapika Jumamosi.