Somo: Kupanga likizo ya Puerto Vallarta, kuanzia mwezi hadi boti ya mwisho

Kila nikitaja Puerto Vallarta, mji wa pwani ya Meksiko, swali la kwanza huwa lile lile: tiketi bei gani? Naona hapo ndipo watu wanapoharibia safari yao. Tiketi ya bei poa ya Septemba inakupeleka kwenye mvua na joto la kunata, na hoteli ya bei poa iliyo mbali inarudisha kwenye teksi kila shilingi uliyookoa. Nimekwenda mara mbili kutoka Houston ninakoishi. Safari ya pili ndiyo niliyoifaidi, kwa sababu niliipanga kinyume: mwezi kwanza, mtaa pili, tiketi mwisho.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Mji huu uko jimbo la Jalisco, kwenye ghuba kubwa ya Pasifiki iitwayo Bahía de Banderas, na milima ya Sierra Madre imeshuka nyuma yake karibu kugusa maji. Mvua huanza Juni na kuisha Oktoba. Si ya kutwa nzima: asubuhi jua, alasiri mawingu yanajikusanya mlimani, usiku radi. Novemba hadi Mei ni kiangazi.

Nyangumi wa nundu huingia ghubani kuzaa na kulea, na msimu rasmi wa boti za kuwatazama ni 8 Desemba hadi 23 Machi. Huo ndio wakati hoteli zinapopandisha bei. Wiki Takatifu na ile inayofuata Pasaka zikwepe, isipokuwa unapenda msongamano. Familia za Guadalajara, jiji kuu la Jalisco, hushuka zote na majiko yao ya mkaa. Mimi nachagua Novemba. Milima bado kijani, bei hazijapanda, na jioni bado unaweza kukuta vitoto vya kasa vikiachiwa baharini.

Kuhusu vimbunga, utaambiwa milima inaukinga mji. Ina ukweli kiasi. Lakini kimbunga Kenna cha Oktoba 2002 kilipandisha mawimbi hadi kwenye barabara ya ufukweni, na Lidia cha Oktoba 2023 kilitua pwani ya kusini mwa hapo kikiwa daraja la 4. Ukienda miezi hiyo, lipia hoteli inayokubali kurudisha pesa.

Hatua ya 2: Chagua mtaa

Hapa usiharakishe. Mto Cuale unaugawa mji wa zamani. Kusini ya mto ni Zona Romántica: migahawa, muziki, ufuko wa Los Muertos na gati lake lenye umbo la tanga. Kila kitu ni cha kwendea kwa miguu, ila usingizi ni wa kubahatisha. Omba chumba cha nyuma, kisichotazama barabara. Kaskazini ya mto ni Centro, penye kanisa la Mama wa Guadalupe lenye taji juu ya mnara. Nyumba za Centro zimepanda mlimani, na tangazo litakuonyesha mandhari ya bahari bila kukuambia kuna ngazi mia moja za kupanda na ndoo yako ya maji.

Ukiendelea kaskazini kuna 5 de Diciembre, mtaa wa wenyeji ambako unanunua chapati za mahindi zikiwa moto. Hapo ndipo tulipokaa safari ya pili. Halafu Zona Hotelera, kisha Marina karibu na uwanja wa ndege. Nuevo Vallarta, ambayo siku hizi inaitwa Nuevo Nayarit, iko ng'ambo ya mto Ameca, jimbo jingine kabisa. Ni pazuri kwa watoto na mabwawa ya kuogelea, lakini ukilala huko usiseme umekaa Vallarta; kila usiku utakuwa unahesabu nauli ya kurudi.

Hatua ya 3: Viza, halafu tiketi

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Meksiko. Anasamehewa akiwa na viza halali ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja), au ukaazi wa kudumu wa nchi hizo. Asiye nayo ataomba kwenye ubalozi wa Meksiko ulioko Nairobi, ambao unahudumia na majirani.

Mtego uko njiani. Ukipitia uwanja wa Marekani, hata kwa saa mbili tu za kubadilisha ndege, lazima uwe na viza ya Marekani. Kwa hiyo mtu wa Dar au Nairobi asiye nayo apitie Ulaya au Istanbul hadi Jiji la Meksiko, kisha ndege ya ndani, kama saa moja na nusu. Ukifika dirishani kwa uhamiaji, tazama siku ulizoandikiwa kabla hujaondoka hapo. Mwisho ni 180, lakini afisa anaweza kukupa pungufu.

Hatua ya 4: Vuka ukumbi wa madalali

Ukimaliza forodha utaingia ukumbi wenye watu nadhifu, mashati yamepigwa pasi, wanakuita kwa tabasamu: "Teksi yako hii hapa!" Si watu wa teksi. Wanauza wiki za chumba cha hoteli, za kulipia miaka na miaka. Safari ya kwanza tuliahidiwa matembezi ya boti ya bure kama tungehudhuria kifungua kinywa cha dakika tisini. Tuliketi hadi saa saba mchana, mke wangu amenuna, na boti yenyewe ikawa ya siku ambayo sisi tungekuwa tumesharudi Houston. Sema "no, gracias" na usikatishe mwendo.

Nje kuna teksi rasmi za bei ya kanda. Mwenye begi jepesi anavuka daraja la waenda kwa miguu hadi ng'ambo ya barabara kuu, ambako teksi ni nafuu na mabasi ya mjini yanapita. Soma maandishi kwenye kioo cha mbele: "Centro" au "Olas Altas", ambayo ni barabara ya Zona Romántica. Basi lina mpiga gitaa ndani, viti vigumu, na dereva mwenye haraka zake. Aliyezoea daladala hatauliza kitu.

Hatua ya 5: Pesa

Toa peso kwenye ATM iliyo ndani ya benki. Mashine ikikuuliza kama ikubadilishie kwa kiwango chake, kataa. Benki yako itakubadilishia vizuri zaidi. Bakshishi mgahawani ni asilimia 10 hadi 15. Wazee wanaokufungashia mizigo kwenye supamaketi mara nyingi hutegemea chenji unayowapa.

Hatua ya 6: Jioni zote mpe Malecón

Malecón ni barabara ya ufukweni isiyo na magari, yenye sanamu za shaba; ile ya mvulana aliyepanda farasi wa baharini ndiyo nembo ya mji. Kuna wanaume watano wa Papantla wanaopanda mlingoti mrefu. Mmoja anabaki kileleni na filimbi na ngoma, wanne wanajiachia vichwa chini, wamefungwa kamba, wakizunguka hadi ardhini. Hawana kiingilio, wanapitisha kofia. Weka kitu.

Lakini mimi kilichonisimamisha ni mzee aliyebeba kibuyu kikubwa begani. Alikuwa anauza tuba. Nikaonja: tembo! Tembo tamu la mnazi, lile lile la Tanga, ila hawa wanatia vipande vya tufaha na njugu juu. Waliowafundisha ugema ni Wafilipino, waliofika pwani hii kwa merikebu za Manila zilizovuka Pasifiki kuanzia 1565 hadi 1815. Nilijaribu kumweleza kwa Kihispania changu cha kuokoteza kwamba babu yangu alikuwa mgema. Akacheka, akaniongezea glasi.

Na si tuba tu. "Agua de jamaica" ni rozela, "tamarindo" ni ukwaju, "coco frío" ni dafu lililolala kwenye barafu. Kitoweo cha kutafuta ni pescado zarandeado: samaki amepasuliwa akafunguliwa kama kitabu, akapakwa pilipili, akabanwa kwenye wavu juu ya makaa. Nazi haimo, lakini mla samaki wa kupaka ataelewa nia. Maji ya bomba usinywe.

Hatua ya 7: Siku moja ya boti

Panda basi la Boca de Tomatlán, kijiji cha wavuvi kusini. Pale kuna boti ndogo za kwenda Las Ánimas na Yelapa. Wenye miguu imara wanaweza kutembea njia ya msituni hadi Las Ánimas, wapitie ufuko mdogo wa Colomitos, kisha warudi kwa boti. Yelapa kuna maporomoko ya maji juu ya kijiji na akina mama wanaopita mchangani na pai za nazi na limau kichwani. Kabla hujashuka muulize nahodha boti ya mwisho inaondoka saa ngapi, na mwambie akuonyeshe kwa vidole. Mimi nilisikia sita ya saa zao (kumi na mbili jioni), kumbe alisema tano (kumi na moja).

Maswali ya wasomaji

*Kaka, niko Goma, pasipoti ya Kongo, viza ya Meksiko ninayo. Naweza kupita Paris bila shida?*
Ndugu, hapana. Kongo imo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanahitaji viza ya kupita uwanjani Schengen, hata usipotoka nje. Ukiwa na viza halali ya Marekani au Kanada unasamehewa. Angalia pia Istanbul, maana Turkish Airlines inaruka kutoka huko hadi Jiji la Meksiko.

*Assalamu alaykum. Sisi tuko Muscat na watoto wanne. Tutakula nini kisicho na nguruwe?*
Waalaykum salaam. Samaki na kamba ni tele. Tacos al pastor ni nguruwe, ziache. Kinachowaponza wengi ni mafuta ya nguruwe kwenye maharage na chapati za ngano. Uliza "¿lleva manteca?" na uagize chapati za mahindi.

*Nataka kumpeleka mama yangu, ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Niko Mombasa.*
Dada, mama asilale Centro mlimani. Barabara za ndani ni za mawe ya mtoni, hata magurudumu ya begi yanalia. Chukua hoteli yenye lifti, iliyo karibu na Malecón ambapo ni tambarare. Yelapa mpelekeni kwa boti inayoondokea gati la Los Muertos, asiruke mchangani kule Boca.

*Usalama je? Nasikia mengi.*
Serikali ya Marekani imeiweka Jalisco daraja la 3 kwa miaka kadhaa, yaani ifikirie upya safari. Soma tangazo la wiki unayosafiri, si la mwaka jana, na kata bima. Mjini nilitembea usiku kwenye mitaa yenye watu. Barabara kuu za mbali sikuendesha kukishaingia giza. Baharini bendera nyekundu inamaanisha usiingie. Mawimbi ya pale yanavunjikia ufukweni kabisa na yanaangusha hata waogeleaji.

*Nitampigia mama saa ngapi? Yuko Moshi.*
Vallarta iko nyuma kwa saa tisa mwaka mzima. Kwako ikiwa saa sita mchana, Moshi ni saa tatu usiku.

*Mzee wa Tanga, hiyo tuba inalewesha au haileweshi?*
Ya asubuhi ni tamu tupu, mwanangu wa miaka minane alikunywa mbili. Ya saa kumi jioni, kibuyu kimeshinda juani, ilianza kunikwaruza ulimi, nami nikajua imeshaanza safari yake ya kuwa tembo kali. Yule mzee aliniona nikikunja uso, akanikonyeza.