Kikohozi cha ukoo: jinsi ya kumchorea mgonjwa karatasi

Hapa Bweyale, Uganda, mama akija na kikohozi cha miaka mingi, mara nyingi husema, "Ni cha ukoo, hata marehemu mama alikuwa nacho." Usimbishie, wala usimkubalie upesi. Tuma makohozi yakapimwe TB kwanza, kisha chukua karatasi.

Hatua ya 1: Chora ukoo wake. Mwanamume mraba, mwanamke duara. Wazazi juu, ndugu kando, watoto chini. Wanaokohoa au kuishiwa pumzi kwa muda mrefu, watie wino. Uliza wazi nani ni wa baba mmoja na mama mmoja, maana kwetu hata binamu ni ndugu.

Hatua ya 2: Andika moshi wa kila mtu. Usiharakishe hapa. Alivuta sigara miaka mingapi? Alipikia kuni au makaa, ndani au nje? Aliwahi kumeza dawa za TB? Mama mmoja wa miaka 38 alinipa maduara manne meusi: yeye, dada zake wawili na mama yao. Kaka zake watatu walikuwa wazima kabisa. Nikauliza nani alikuwa anapika. "Daktari, wanaume wa kwetu hawaingii jikoni." Watoto wa tumbo moja, ila mafiga waliyachochea mabinti peke yao. Utafiti wa mwaka 2012 huko Masindi, jirani zetu, ulikuta asilimia 16.2 ya watu wa miaka 30 na zaidi wana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, na asilimia 93 ya waliopimwa waliishi na moshi wa kuni na mfano wake.

Hatua ya 3: Sasa fikiria jeni, yaani maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Inayojulikana zaidi ni SERPINA1, kwenye kromosomu (kifurushi cha jeni) ya 14. Kwa maagizo yake ini hutengeneza alfa-1 antitripsini, protini inayokinga mapafu yasiliwe na vimeng'enya vya chembe nyeupe za damu. Watafiti Laurell na Eriksson waligundua upungufu wake Sweden mwaka 1963. Aliyerithi aina ya jeni hii yenye kasoro, iitwayo Z, kwa baba na kwa mama huweza kuharibika mapafu mapema, sigara ikizidisha. Lakini Z imeenea kwa watu wenye asili ya Ulaya kaskazini. Kwa Waafrika ni nadra. Zipo tofauti nyingine nyingi za jeni, kila moja ikiongeza hatari kidogo tu, na nyingi zilichunguzwa kwa Wazungu. Usimpimie mgonjwa wako hatari kwa kipimo hicho.

Hatua ya 4: Ukimkuta kijana anayeishiwa pumzi, hajavuta sigara, hajakulia moshini, hajaugua TB, na kwao kuna ugonjwa wa ini, mpe rufaa pamoja na mchoro. Omba spirometa, kifaa cha kupima pumzi kwa kupuliza: baada ya salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, hewa aliyopuliza sekunde ya kwanza ikigawanywa kwa hewa yote aliyopuliza ikawa chini ya 0.70, njia zimeziba.

Hatua ya 5: Mwonyeshe mgonjwa karatasi. Yule mama aliweka kidole kwenye duara jeupe la binti yake wa miaka tisa. Nikamwuliza, "Jioni huwa anakaa wapi?" Alinyamaza. Niliporudi kumtembelea, mafiga yalikuwa nje, chini ya mwembe.