Somo: Sanamu ya shuka lililosokotwa kwa nguvu za mwili

Anayejua kukamua blanketi kwa mikono ameshajua nusu ya kazi hii. Tunachotafuta ni msokoto wenyewe: nguvu ya watu wawili ibaki ikionekana hata kitambaa kikishakuwa jiwe.

Vifaa: shuka moja la pamba la mtumba, saruji makopo 4, mchanga wa mto uliochekechwa makopo 2, maji makopo 2, beseni, waya wa kufungia nondo, mipira ya tyubu kama ile ya kufungia mizigo kwenye bodaboda, nailoni na glavu nene za mpira. Mchanga wa ufukweni usiuguse. Chumvi yake hula waya.

Kabla ya yote, chomoa uzi mmoja wa shuka uuchome. Ukiacha jivu kama la karatasi, ni pamba. Ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu, ni poliesta: hainywi maji, na saruji itabanduka kama magamba. Rudi soko la mitumba la Karume ukatafute jingine.

1. Changanya saruji na mchanga vikiwa vikavu, ndipo umimine maji kidogo kidogo hadi upate uji mzito. Ukichovya kidole, ukucha usionekane.

2. Lowesha shuka kwa maji matupu, likamue. Wengi huruka hatua hii, na hapo ndipo kazi huharibika: kitambaa kikavu hunyonya maji ya saruji kabla haijashika, kesho yake inapukutika unga.

3. Litumbukize, ulikande dakika 5.

4. Shikeni ncha mkitazamana, kila mmoja asokotee kulia kwake. Egemeeni nyuma kwa uzito wa mwili. Mikono pekee huchoka mapema. Shuka likianza kujipinda katikati, sogeleaneni taratibu mliache lijiviringe. Umbo linazaliwa hapo, msilichokonoe kwa vidole.

5. Funga ncha kwa waya, zungushia mipira, funika nailoni, kisha likandamize kwa magoti hadi kitako kikae bapa. Tangu maji yaguse saruji hadi hapa zisizidi dakika 40, kwa hiyo anza asubuhi kabla jua la Dar halijakolea. Uji ukianza kukaza, usiongeze maji.

6. Fungua mipira baada ya saa 24. Nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku 7, likiwa ndani ya nailoni.

Maswali

Mwanachama, Tandika: Shikamoo mwalimu. Langu limefumuka usiku, na ncha nilizifunga vizuri.
— Marahaba. Waya hushika ncha tu; katikati hushikwa na mipira. Zungusha mpira kila baada ya upana wa kiganja, uvute hasa.

Mwanachama, Mbagala: Glavu zinaninyima kuhisi kitambaa. Naweza kuziacha?
— Hapana, ndugu yangu. Saruji mbichi huunguza ngozi polepole, maumivu huja umeshachelewa. Ikikurukia, osha kwa maji mengi papo hapo; ikiingia jichoni, osha kisha nenda hospitali.

Mwanachama, Kinondoni: Nimepanga chumba kimoja, saruji haiwezekani.
— Basi tumia soksi ndefu za nailoni na mchanga, dada. Senga Nengudi wa Marekani alifanya hivyo miaka ya 1970: alizijaza mchanga, akazivuta, akazifunga mafundo na kuzitundika ukutani. Anika mchanga ukauke kabisa, anza na kikombe kimoja kila mguu, ongeza huku ukivuta. Nyuzi zikianza kuachia, punguza.