Chombo cha Maua cha Kichina cha Buluu na Nyeupe: Kagua Kwanza, Osha Baadaye

Usikioshe kwanza. Chombo cha kauri cha Kichina kikikufikia, iwe umekinunua kwenye mnada wa vitu vya nyumbani kule Karen, Nairobi, au umekiokota kati ya vikombe vya mitumba soko la Toi, uchafu wake ni ushahidi. Ulipojificha na jinsi ulivyoshika ndivyo vinavyosaidia kutenga cha kale na kilichozeeshwa kwa makusudi. Kipige picha pande zote, ukikague, ndipo uguse maji.

Tafuta tochi yenye mwanga mkali, lenzi ya kukuza mara 10 kama ya sonara, pamba za masikio, spiriti ya kupangusia vidonda, na ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, ambayo utaipata kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya barabara ya Luthuli. Vua pete na saa. Tandika taulo nene mezani. Unapokiinua, mkono mmoja ushike chini ya kitako na mwingine tumboni. Kamwe usikivute kwa shingo, mdomo au masikio, kwa kuwa hapo ndipo huungwa na ndipo hukatikia.

Sasa kipindue uangalie kitako. Wengi hukimbilia joka na maua, na mwigaji analijua hilo, ndiyo maana jitihada zake zote huziweka huko. Ule ukingo ambao chombo hukalia haupakwi ule utando wa kioo unaokifunika chombo, la sivyo ungegandamana na tanuri. Kwa hiyo hapo udongo uko wazi. Kauri ya Jingdezhen, mji wa mkoa wa Jiangxi uliotoa sehemu kubwa ya vyombo hivi, ni mchanganyiko wa kaolini na jiwe la kauri lililosagwa, ukachomwa kwa joto la karibu nyuzi 1300 za Selsiasi. Uso wake ni mweupe na umeshikana. Pale utando unapokomea, mara nyingi utaona mstari mwembamba wa rangi ya chungwa: ni chuma kidogo kilichomo udongoni kilichoiva motoni. Mstari wa kweli hukolea hapa na kufifia pale. Ukiona kahawia iliyotanda sawasawa ukingo mzima, chovya pamba kwenye spiriti usugue sehemu ndogo. Majani ya chai, rangi ya viatu na vanishi mara nyingi huacha alama kwenye pamba. Uchafu wa miaka mingi umezama ndani ya vitundu na hauachii upesi.

Hamia kwenye mikwaruzo. Chombo kilichosogezwa mezani kwa vizazi kadhaa kina mikwaruzo ya kila upande, mirefu kwa mifupi, mingine imejaa vumbi jeusi, na huwa mingi pale panapoguswa sana. Kilichosuguliwa kwa msasa kina mistari inayoelekea upande mmoja. Kilichopakwa asidi kimepoteza mng'ao pote kwa kiasi kilekile, hata ndani ya mikunjo ambayo haikuguswa na mtu.

Ingiza tochi ndani. Vyombo vikubwa vilifinyangwa vipande vipande, vikaunganishwa kwa uji wa udongo. Pitisha kidole ukutani na utahisi tuta la mviringo penye maungio. Ukuta laini kabisa, wenye unene mmoja juu hadi chini, huashiria udongo uliomiminwa kwenye kalibu.

Mchoro ndio wenye utamu. Buluu ni kobalti iliyopakwa juu ya udongo mkavu ambao haujachomwa, ikafunikwa utando, vyote vikaingia tanurini pamoja. Kwa hiyo ukucha haupaswi kuhisi mchoro. Udongo huo hunywa rangi papo hapo, mchoraji hana nafasi ya kufuta, na kwenye lenzi unaona brashi ilipotua ikiwa nzito na ilipoinuka ikiwa nyepesi. Linganisha maua mawili ya aina moja: mkono haurudii jani kwa unywele. Yakilingana kabisa, au ukiona nukta ndogo zilizopangwa kama za picha ya gazetini, hiyo ni karatasi ya kubandika, si kazi ya mkono. Madoa meusi yaliyozama kwenye buluu ni sifa ya vyombo vya enzi ya Xuande (1426–1435), kwa kuwa kobalti iliyotumika ilikuwa na chuma kingi. Lakini mafundi wa karne ya 18 waliyapenda, wakayaiga kwa kudonoa kwa brashi, doa moja baada ya jingine. Madoa yaliyojipanga kwa adabu hayakutokana na moto.

Muhuri ulioandikwa kitakoni usome mwisho. Herufi sita husomwa kuanzia safu ya kulia, juu kwenda chini: nasaba, mfalme, kisha "ilitengenezwa enzi hiyo". Jina la enzi ya mfalme Kangxi (1662–1722) liliandikwa kwa wingi kwenye vyombo vya mwisho wa karne ya 19, kama heshima kwa kazi ya zamani, kwa hiyo peke yake halitoshi kukupa tarehe. Neno "CHINA" kwa herufi za Kirumi huonyesha bidhaa ya kuuzwa nje, kwa kawaida baada ya sheria ya forodha ya Marekani iliyoanza kutumika 1891.

Muuzaji akikuambia kimetoka Pwani, simama. Bakuli nyingi zilizopachikwa kwenye makaburi ya nguzo, yale ya kale ya Waswahili, zilishang'olewa, na hasara hiyo hairudi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachobebeka kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Uliza Makumbusho ya Taifa kabla ya kulipa.

Kabla ya kuosha, gonga ukingo polepole kwa fundo la kidole. Kikilia kama kengele, huenda ni kizima. Kikijibu kwa sauti butu, huenda kina ufa. Zima taa za chumba umulike kwa ile taa ya zambarau: viraka vya rangi na gundi mara nyingi hung'aa tofauti na kauri inayovizunguka. Chenye ufa, kiraka au pini za chuma usikitumbukize majini; kipanguse tu kwa pamba yenye unyevu.

Kilicho kizima kiweke kwenye beseni la plastiki lililotandikwa taulo, maji vuguvugu, matone mawili ya sabuni ya vyombo kwa lita moja, brashi laini. Usitumie blichi wala stilwuli, na usitoke maji ya moto kwenda ya baridi. Maji ya kisima, ambayo mitaa mingi ya Nairobi huyategemea, huacha chumvi nyeupe. Suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyosafishwa ya chupa. Kiache kikauke siku nzima kabla ya kukirudisha rafuni.

Kiweke mbali na mlango, na ndani yake mfuko wa kitambaa wenye mchanga mkavu, robo ya ujazo, ili uzito ukae chini. Usikitoboe kitako kukifanya taa. Thamani hutoka na lile tundu. Kikivunjika, usikimbilie gundi ya haraka, kwani kipande kikikaa kombo kidogo tu, cha mwisho hakiingii. Okota hata chembe, funga kila kipande peke yake kwa karatasi laini, ukampelekee fundi wa kuhifadhi vitu vya kale.