Msimu wa korosho, mgongo na diklofenaki

Ndugu zangu wa Newala na Tandahimba, msimu wa korosho tunainama kuokota tangu alfajiri, jioni mgongo unawaka, na diklofenaki, vidonge vya maumivu, hazikosekani dukani. Dawa hizo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, hudhoofisha ute unaokinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Ukizimeza siku nenda rudi, kidonda cha tumbo kinaweza kuchimbika bila maumivu ya kukushtua. Anza na parasetamo. (Aliyeandikiwa aspirini ya moyo asiiache bila daktari.)

Chanzo kingine kikubwa cha vidonda vya tumbo ni bakteria, Helicobacter pylori. Pilipili tunaisingizia tu, ingawa huweza kuchochea kiungulia. Omba kipimo cha choo, na hili wengi hawaambiwi: kwa ushauri wa daktari, omeprazo (dawa ya kupunguza asidi tumboni) iachwe wiki 2 kabla na antibayotiki wiki 4, la sivyo majibu yanaweza kusema huna kumbe unao. Ukikutwa nao, utapewa antibayotiki pamoja na omeprazo, mara nyingi siku 14. Zimalize tafadhali, hata nafuu ikija mapema.

Choo cheusi kama lami, au kutapika damu: hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.