SOMO: Priampu yako ya kwanza ya maiki, chagua umeme kwanza sauti baadaye

Wakuu habari za leo. Kuna swali linanijia sana kutoka kwa vijana wanaorekodi nyumbani, awe wa kaswida, wa podikasti, wa matangazo au wa bongo fleva: nataka nijitengenezee priampu ya maiki (saketi ya kukuza sauti ndogo ya maiki) kwa mkono wangu, nianze na ipi? Ukimuuliza anafikiria ipi anakutajia priampu maarufu za studio, Neve 1073, au API 312, au ile ya taa (valvu ya kioo) inayowaka chungwa. Zote nzuri hakuna ubishi, ila mtu ambaye hajawahi kumaliza saketi hata moja akichagua kwa sauti anakuwa ameanzia mwisho. Kinachoamua kama utamaliza au kitabaki kwenye droo ni umeme, unatoka wapi, volti ngapi, na unaweza kuupima bila kuogopa. Mimi ndivyo ninavyomshauri kila anayeanza.

Kazi yenyewe ni hii. Maiki ya dainamiki (isiyohitaji umeme wake) kama Shure SM58 inatoa kama milivolti 1.85 kwa sauti ya desibeli 94, yaani mtu anaongea kwa nguvu mdomo umekaribia kabisa nyavu. Saundi kadi kwenye tundu la laini inataka kitu cha karibu volti 1. Kwa hiyo tunazidisha mara mia mpaka mara elfu, desibeli 40 hadi 60. Sasa ukizidisha sauti mara elfu na uchafu wote ulioingia nayo unazidishwa mara elfu, ndio maana mvumo mdogo tu wa umeme wa ukutani unageuka mnguruo kwenye rekodi.

HATUA YA 1: Umeme

Ya taa iache kwanza. Taa kama ECC83 inataka volti 200 hadi 300 za DC ili ifanye kazi inavyotakiwa, na kapasita za pawa saplai yake zinabaki na chaji hata ukishachomoa plagi, unaingiza kidole ukidhani imekufa kumbe iko hai. Hiyo inaua. Nasema hivi kwa uzito wote, usifungue boksi la taa kama hakuna mtu wa kukusimamia.

Za mtindo wa Neve zinatumia volti 24 na za API zinatumia volti 16 chanya na 16 hasi, hizo si hatari kwenye bodi yenyewe, lakini zinataka pawa saplai safi kweli, na ukiitengeneza mwenyewe maana yake unaleta 230 ya ukutani ndani ya boksi. Halafu transfoma za kuingilia na kutokea ndizo zinazokula hela kuliko vitu vingine vyote ukijumlisha. Na shida kubwa kwa anayeanza ni hii, ukisikia mvumo hujui umetoka wapi, pawa saplai? erthi? waya umepita karibu na transfoma? au ni risasi ya kuchomelea haijashika? Mtu anakaa na boksi wiki nzima anabadilisha resista ambazo hazina kosa.

Betri mbili za volti 9 zinamaliza hiyo kesi. Betri haina mvumo. Ukisikia mvumo ujue ni waya, boksi au kitu cha nje, basi. Unaunga chanya ya betri moja na hasi ya nyingine, hapo katikati ndio sifuri yako, na ncha mbili zilizobaki ndio +9 na -9. Weka swichi inayokata pande zote mbili kwa pamoja, ile ya miguu sita, maana ukikata upande mmoja tu IC (chipu ya kukuza sauti, tunaichagua hatua ya 2) inabaki inavutwa na upande mwingine na volti inakimbilia kwenye tundu la kutokea.

HATUA YA 2: IC

Kuna IC zimetengenezwa kwa kazi hii hii. INA217 ya Texas Instruments, THAT1510 ya THAT Corporation, SSM2019 ya Analog Devices. Zote zipo za miguu 8 na mpangilio wa miguu ni mmoja, ukikosa hii unaweka ile. Mimi kwa anayeanza nasema INA217 kwa sababu inakubali kuanzia volti 4.5 mpaka 18 kila upande, kwa hiyo hata betri zikichoka kidogo bado inafanya kazi, na inakula milliampia 10 hivi tu.

Nunua kwa muuzaji anayeeleweka, feki zipo nyingi kwenye masoko ya mtandaoni, unaletewa opampu ya kawaida imeandikwa jina upya. Ukiona mtu anakuuzia SSM2017 mpya kwa bei ya kutupa kimbia, hiyo iliacha kutengenezwa siku nyingi. Resista, kapasita, swichi na soketi Kariakoo zipo, na Nairobi pale Luthuli zipo, IC ndio unaagiza.

Na jihadharini na bodi zinazoitwa priampu wakati si za maiki hii. Ile ya taa mbili ndogo 6J1 ni ya laini, ya kuwekea simu au CD, haina gein (nguvu ya kuzidisha) ya maiki. Ile ndogo ya MAX9814 ni ya kapsuli ya elekreti kwa miradi ya Arduino, haina balansi (waya mbili za sauti zinazosaidia kufuta kelele). Zile za NE5532 zenye besi na trebo ni tone kontroli. Watu wananunua, wanaunga XLR (plagi ya maiki ya pini tatu), hawasikii kitu, wanakata tamaa na kazi nzima.

HATUA YA 3: Kuunga

Pini 2 ya XLR ipite kwenye kapasita ya mikrofaradi 47 iende mguu wa 3 wa IC. Pini 3 ya XLR ipite kwenye kapasita nyingine kama hiyo iende mguu wa 2. Chukua kapasita za volti 63, chanya iangalie upande wa maiki, hata kama leo hutumii fantomu (volti 48 zinazopita kwenye waya wa maiki kulisha maiki ya kondensa), kesho utaitaka. Kutoka mguu wa 2 na wa 3 weka resista ya kilohomu 2.2 kila mmoja kwenda sifuri, usiziruke hizi, bila hizo pembejeo za IC zinaelea na hupati sauti ya maana. Mguu wa 7 ni +9, wa 4 ni -9, wa 5 ni sifuri moja kwa moja bila resista yoyote, wa 6 ndio sauti inatoka. Karibu kabisa na IC weka kapasita ya nanofaradi 100 kutoka mguu wa 7 kwenda sifuri na nyingine kutoka wa 4.

Kati ya mguu wa 1 na wa 8 ndipo gein inapokaa, na hapa nataka mtulie kidogo. Hesabu yake ni moja kujumlisha elfu kumi gawanya kwa resista uliyoweka hapo. Weka resista ya ohmu 10, voliumu ya kilohomu 1 na kapasita ya mikrofaradi 1000, vyote kwenye mstari mmoja. Voliumu ikiwa imefunguka yote una ohmu 1010, gein mara 11, kama desibeli 21. Ikifika sifuri inabaki ohmu 10, gein mara 1001, desibeli 60. Ile kapasita inazuia DC isizidishwe, na kwa ohmu 10 inaanza kukata pale Hz 16, sauti ya mtu haiguswi.

Sasa tatizo la voliumu ya kawaida, ya linia (ohmu zinabadilika sawasawa): ukiizungusha mpaka zimebaki ohmu 100 uko desibeli 39 tu, ina maana desibeli 21 zote zilizobaki zimejibana kwenye sehemu ya kumi ya mwisho ya mzunguko, ukigusa kidogo tu sauti inaruka. Tafuta ya logi ya kinyume, inayobadilika taratibu pale mwisho, na ukiikosa, rotari swichi yenye resista za kupimwa ni bora zaidi, unajua uko wapi na kesho unarudi pale pale.

Kutokea: mguu wa 6 upite kwenye ohmu 47 uende ncha ya jeki ya TRS (yenye sehemu tatu: ncha, ringi na mwili), na ringi ya jeki ipite kwenye ohmu 47 nyingine iende sifuri. Saundi kadi inaona pande mbili zenye uzito sawa na inafuta kelele zilizookotwa na waya.

HATUA YA 4: Boksi na kupima

Boksi liwe la chuma au alumini. Pini 1 ya XLR iende kwenye mwili wa boksi kwa waya mfupi pale pale ilipo, isitembee kwenye bodi kwanza, na sifuri ya saketi iguse boksi sehemu moja tu. Makelele mengi ya redio na simu yanaingilia hapo kwenye pini 1.

Usichomelee IC, tumia soketi. Washa kabla hujaiweka, mita kwenye DC, pima mguu wa 7, wa 4 na wa 5. Ukiona +9, -9 na 0 zima, weka IC ukiangalia alama ya mguu wa kwanza, washa, pima mguu wa 6. Inatakiwa milivolti chache tu. Ukiona volti 6 au 7 hapo zima haraka, karibu kila mara ni mojawapo ya zile 2.2 haijashika au mguu wa 5 haujafika sifuri. Gein ianze chini, hedifoni zikae mezani, ndipo uchomeke maiki.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mwanza: Mkuu asante kwa somo. Mimi maiki yangu ni ya kondensa inataka 48V, hapo nafanyaje na nimeambiwa nisiguse umeme wa ukutani?

Jibu: Karibu mkuu. Kiwango cha fantomu ni volti 48 ukiruhusiwa kupungua au kuzidi 4, kwa hiyo betri tano za volti 9 kwenye mstari zinakupa 45, uko ndani. Inapita kwenye resista mbili za kilohomu 6.8, moja kwenda pini 2 na moja pini 3. Hizo mbili lazima zifanane sana, nunua kumi za asilimia 1, zipime zote kwa mita na uchukue mbili zilizokaribiana kuliko zote. Ila kabla ya kuweka fantomu ongeza diodi nne, mbili kwa kila pembejeo ya IC, moja kwenda +9 na moja kwenda -9, maana ukichomeka maiki fantomu ikiwa imewaka zile kapasita zinamwaga chaji yote kwenye IC. Maliza kwanza ya dainamiki iongee, ndio uje hapa.

Sauti_ya_Pwani: Kaka nimeijenga na inafanya kazi vizuri, lakini gein ikifika mwisho kuna shhhh. IC yangu ni feki?

Jibu: Hongera sana! Si lazima iwe feki. Maiki yenyewe ina ohmu 150 na resista yoyote inatoa kelele kwa joto lake tu, kwa ohmu 150 ni kama nanovolti 1.6 kwa kila mzizi wa Hz, wakati INA217 ina 1.3. Ina maana maiki inapiga kelele kuliko IC. Jaribu hivi, chukua plagi ya XLR tupu, unga ohmu 150 kati ya pini 2 na 3, chomeka. Shhh ikibaki ile ile, saketi yako iko sawa, sogea karibu na maiki. Ikiwa kubwa mno hata hivyo, hapo ndipo uanze kuishuku IC.

Fundi wa Eldoret: Boss mimi tayari niko na intafesi (saundi kadi ya nje) iko na 48V, shida ni maiki yangu ya dainamiki SM7B inataka gein mob. Bado nijenge hii?

Jibu: Wewe nenda na busta ya JFET (aina ya transista), ile inayokaa kwenye waya na kula fantomu ya intafesi yako. Vifaa ni vichache, haina betri, inakuongezea kama desibeli 20 na kitu, na SM7B inatoa milivolti 1.12 tu kwa sauti ile ile ya desibeli 94, ndio maana intafesi inahangaika. Kwa hali yako huo ndio mradi wa kwanza mzuri zaidi.

Dada Mhandisi: Je itakuwa na ule unene wa Neve?

Jibu: Hapana dada. Hii inatoa sauti safi, unachoingiza ndicho kinachotoka. Ule unene una mchango mkubwa wa transfoma na jinsi zinavyojaa ukizisukuma. Ukishaizoea hii unaweza kununua transfoma moja ya kutokea na kuiweka baada ya mguu wa 6, boksi ni lile lile.

Mdau wa Mwanza: Samahani narudi tena, nimejenga ya dainamiki. Nikishika boksi mvumo unapungua, nikiachia unarudi. Betri ninazo mpya.

Jibu: Chomoa chaja ya laptop, rekodi ukitumia betri ya laptop peke yake. Mvumo ukiisha priampu haina kosa, ni chaja. Ukibaki, toa skrubu ya XLR na ukwangue rangi pale inapogusa boksi mpaka uone chuma kitupu, halafu pima kwa mita kutoka pini 1 mpaka mwili wa boksi, isome karibu na ohmu 0. Tuletee majibu.